Kimya Kabisa

"Dadangu, hii ya umeme ni kimya kabisa," muuzaji wa pikipiki alijigamba. "Huwezi hata kujua imewaka."

Dada yake Muoki alimfasiria kwa ishara za mikono, akiuma midomo asicheke. Muoki alizaliwa kiziwi.

Hata hivyo alitaka kujua. Akaipanda, akaiwasha, akaibana kwa magoti. Wapi! Ilikuwa kama kuketi kwenye benchi la kanisa.

Akaiendea pikipiki kuukuu ya petroli iliyoegeshwa kando, ambayo keria yake ilikuwa imepinda kwa kubeba mbuzi wa soko la Kiamaiko. Akaipiga kiki mara mbili. Mtetemo ukampanda kutoka nyayoni, ukapita magotini, ukamfika hadi kwenye meno. Akatabasamu. Kisha akakunja uso, akazungusha mkono wa mafuta kidogo, akainamisha kichwa kama mtu anayesimuliwa jambo.

Akamwashiria dada yake.

"Anachukua hii," dada akasema. "Lakini kwanza umbadilishie plagi. Anasema injini inakatakata."

Muuzaji alishika kiuno. Wiki hiyo wateja watano wenye masikio yao walikuwa wameijaribu, na hakuna aliyegundua.

"Nani amemwambia?"