Trei ya Juu

"Toa mkono, Barafu."

"Sitoi."

"Nasema toa. Trei ya chini ndiyo inatoka kwanza. Hujaanza kazi jana, utaratibu unaujua."

"Utaratibu ni wa siku mtungi ukiwa mzima, dada. Huu umeshakufa."

Kweli, ulikuwa umekufa. Mtungi mkubwa wa gesi baridi ulikuwa unatokwa jasho kwa nje kama mtu mwenye homa, na mtungi wa aina ile ukishatoka jasho, ujue baridi yote inakimbia. Barafu alikuwa ametumbukiza kijiti cha kupimia mpaka chini kabisa, kikatoka kikavu. Gari la gesi lilikuwa njiani, na njiani huwa hakuna mwisho. Mtungi wa kubebea ulikuwa mmoja tu, tena unaingia trei moja.

Trei zenyewe mle mtungini zilikuwa mbili, zimejaa vichupa vya kadiri ya kidole cha mtoto. Kila kichupa kilibeba seli shina za mtu: zimevutwa kwenye mfupa wa nyonga yake, zikaoteshwa maabara, zikagandishwa zingoje siku ya kurudishwa kwa mwenyewe. Labda ini lake lifufuke. Labda sukari yake ishike adabu. Zikiyeyuka kabla ya siku hiyo, basi, ni maji tu.

Trei ya chini ilikuwa ya wenye zamu ya karibu. Ya juu ilikuwa ya wale wa kungoja. Vichupa havikuwa na majina, vina namba, na majina alikuwa nayo daktari peke yake.

Lakini Barafu alikijua kimoja. Siku kilipoletwa ni yeye aliyekipokea, akakiweka trei ya juu, pembeni. Kilikuwa cha mama yake; namba alishaiona kwenye kadi yake ya hospitali.

Siku ya kumtoa hizo seli, mama alivuja damu nusura aage dunia. Daktari akasema hachomwi sindano ile tena, mwili hauna nguvu hiyo. "Walinichimba kiuno kama wanatafuta kisima," alimwambia Barafu, wakacheka wote wawili, kisha akageuka ukutani akatapika. Macho yalikuwa ya manjano, tumbo limejaa maji. Kilichobaki kwake ni kile kichupa.

Hakuna aliyejua pale kazini. Ukiwa na ndugu mwenye kichupa mle ndani, unatolewa kitengo, hakuna mjadala. Mama mwenyewe alimkataza hata kumsalimia wakikutana hospitalini. Kazi ni ngumu kupata, alisema, mama yupo tu.

Dada mkuu wa maabara ndiye aliyemfundisha Barafu kazi, ndiye aliyempa na hilo jina. Hakuwa mtu wa kelele. Alimweleza polepole, kama anamsomesha, kwamba wa trei ya chini wako wodini sasa hivi, wamelazwa na hawajala kitu. Daktari aliingia jana jioni, Barafu akiwa bohari, akaipanga trei ile kwa mkono wake. Nani ataenda kuwatazama usoni watu hao?

Barafu akasema hao bado wana nguvu, watachomwa upya. Hakuwa na habari nao. Alisema tu, kwa sababu mdomo ulikuwa wazi.

Dada akamwangalia vizuri.

"Mdogo wangu, una mtu humu?"

"Sina mtu."

"Basi ondoka hapo."

Barafu akamsukuma. Hakukusudia iwe kwa nguvu vile, lakini dada alikwenda kugonga ukingo wa meza, akakaa chini ameshika ubavu. Barafu hakugeuka. Akafunua mtungi, moshi mweupe ukamrukia usoni, akanyanyua trei ya juu ikiwa na kifuniko chake, akaitia kwenye mtungi wa kubebea. Hakuifungua kukagua. Ukiifungua nje, ndiyo umeiua.

Dada alijikokota, akavuta trei ya chini, akainamisha kichupa kimoja kwenye mwanga. Ndani maji yakacheza, yakateremka taratibu. Alikirudisha, akafunika trei kwa kitambaa, kama anavyofunikwa mtu.

"Nenda," alisema. "Peleka hizo ulizozipenda."

Jengo la pili lilikuwa na mtungi mzima, na njia ya kwenda huko ilipita kwenye korido ya wodi. Barafu alitembea amekumbatia mzigo wake. Aliona vibaya kwa ajili ya dada, na aliona vibaya kwa ajili ya wale watu, lakini chini ya hayo yote kulikuwa na furaha moja chafu, imekaa kifuani, haitaki kutoka. Atamwomba dada radhi. Watamfukuza, sawa. Mama atapona, atapata wa kumgombeza.

Kwenye kona alikuta kitanda cha magurudumu kimesimama. Nesi alikuwa mbele, anahangaika na mlango. Juu ya kitanda alilala mwanamke amevalishwa gauni la hospitali, kofia ya karatasi kichwani, anatabasamu peke yake.

Mama alimwona. Akatupa jicho kwa nesi, kisha akanong'ona.

"Nimekupigia mpaka mkono umechoka, hushiki simu. Waliniita jana, baba. Daktari kasema ini halingoji, kanipa zamu ya leo. Seli zangu kazishusha jana jioni, mwenyewe, trei ya chini." Akamshika kidole. "Umeziona? Ziko salama?"

Barafu aliweka mtungi sakafuni, taratibu, usitoe mlio. Akageuka, akaenda zake.