Mikono ya Mchinjaji

Kizimbani Shaweji alisimama ameificha mikono mgongoni. Alianza mtindo huo tangu kesi yake ilipofungwa, pale mwendesha mashtaka, kwa kukosa shahidi wa maana, alipomnyooshea kidole na kuunguruma: "Itazameni mikono hiyo! Mkono unaochinja mbuzi kila alfajiri utatetemeka mbele ya shingo ya binadamu?" Watu waliguna, na Shaweji akahukumiwa kunyongwa.

Hakuna aliyemuuliza anachinjaje. Angewaambia kwamba kisu hukificha mnyama asikione, na kwamba hamlazi chini kabla hajamnywesha maji. Ndivyo baba yake alivyomfundisha.

Leo majaji wa rufaa walikuwa wanatoa uamuzi.

"Usihofu, kaka," wakili wake, Bi Raya, alimnong'oneza. "Nimewaambia kazi ya mtu si ushahidi. Maneno yale hayakustahili kusemwa mahakamani."

"Wakasemaje?"

"Walinisikiliza."

Majaji watatu waliingia, wakaketi. Yule wa katikati, mzee mwenye sauti ya upole, alifungua jalada, akasoma kidogo kimoyomoyo, kisha akalifunika kwa kiganja. Alimtazama Shaweji kwa muda mrefu, kwa huruma.

"Askari," alisema, "mpe maji anywe kwanza."

Glasi ililetwa. Shaweji aliitoa mikono yake mgongoni, mbele ya macho yote yale, akaipokea. Maji yalimwagika kabla hayajafika mdomoni.