Pua ya Mkamwana

Namba za vipimo vya mkamwana zikiwa juu, bi mkubwa angeoshwa leo. Zikiwa zimeshuka, hakujua ingekuwaje.

Alilala ubavu, mkono wake mzima umeshika ukingo wa kitanda. Nusu nyingine ya mwili ilichukuliwa na kiharusi miaka miwili iliyopita, na kulala sana kukamletea kidonda kiunoni, kidonda kikagoma kufunga. Kilikuwa na harufu yake. Hilo alilijua vizuri, maana pua yake yeye ilibaki nzima.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Kiatu kimoja kikavuliwa, pakapita kimya, kisha cha pili. Mkamwana amerudi kutoka hospitali, na kwa jinsi alivyovivua viatu tu ilijulikana amechoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Yaleyale. Wametoa vichupa viwili vya damu, wamepima. Zile chembe zenye jina refu bado ziko juu. Uvimbe haujaondoka."

"Eosinofili," bi mkubwa akasema. Jina hilo alikwisha kulikariri kama la mtoto wa jirani.

"Hizohizo. Ndizo zinazoniziba pua."

"Pole, mwanangu." Kifua kikamlegea kwa nafuu, halafu akaona haya. Mtu gani huyu anayemwombea mwenzake asipone?

Lakini angefanyaje? Binti yake wa kumzaa alimwosha siku moja, akageuza uso pembeni mara tatu. Kule kugeuka kulitosha. Akaja muuguzi wa kulipwa, amevaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, naye akaaga siku ya pili. Tangu hapo bi mkubwa akakataa kila mkono. Siku nne alikaa na shuka ileile, amekaza meno, mpaka mkamwana akaingia na beseni. Ugonjwa wa sinusi, uvimbe wa ndani ya pua, ulikuwa umemnyima uwezo wa kunusa kabla hata hajaolewa.

"Mama, mimi pua yangu ni pambo tu," alisema. "Unaniogopea nini?"

Wakacheka, na bi mkubwa akakubali kwa sharti moja: siku atakayoanza kunusa aseme, na asimguse tena.

Sasa beseni likaja. Maji ya vuguvugu, sabuni, pamba, shuka safi imekunjwa mara nne. Mkamwana alifunua kidonda taratibu, akipumua kwa mdomo kama watu wenye pua zilizoziba wanavyopumua. Machozi yakamlengalenga. Akayapangusa kwa bega.

"Kichwa tena?"

"Kinagonga tu, mama. Kitatulia."

"Wakubadilishie dawa." Alilisema hilo kwa mdomo tu, moyo wake haukuwemo.

"Nimeshazoea. Haya, jisogeze kidogo. Hapohapo, malkia wangu."

"Malkia gani anabebwa kama gunia."

"Wote hubebwa. Tofauti ni uzito."

Bi mkubwa akacheka hadi kitanda kikalia. Alioshwa, akapakwa dawa, akafungwa bandeji, akavalishwa. Mkamwana akainuka kwa kushika magoti, akakusanya shuka chafu, akaenda kuziloweka nyuma ya nyumba.

Simu yake aliisahau juu ya mto. Ikalia. Bi mkubwa akaipokea kwa ule mkono mzima, asije mtu akakata.

"Dada, ni mimi wa maabara," sauti ya mwanamke ikasema bila kungoja jibu. "Karatasi yako umeiacha mezani. Daktari anasema basi, usijichoshe kuomba vipimo tena. Mwaka mzima sasa damu yako inatoka safi, uvimbe haupo. Nami nilimwambia, huyu ndiye aliyenusa waya wetu ukiungua kabla yetu sote, tunampima nini?"

Bi mkubwa akaikata simu, akairudisha juu ya mto.

"Nani huyo, mama?" Mkamwana alikuwa amesimama mlangoni, mikono ikichuruzika maji.

"Kuna mtu kakosea kupiga," akasema bi mkubwa. "Nifungulie dirisha, mwanangu, halafu ukapumzike."