Kikombe cha Tangawizi

Bwana Shakombo alitaka gari lake jipya la mbio livae tairi pana zenye mpira mwembamba. Fundi Lukindo alizifunga huku akizisifia. "Barabara yenyewe itakupa shikamoo!"

Lakini gari lilikuwa na viti viwili tu, na mkewe, Bi Rukia, aliapa hatakikalia cha pili mpaka lipite tuta bila kumwaga chai yake. Alipanda kulijaribu tu, na kikombe cha tangawizi kimejaa pomoni. "Bismillahi, mume wangu. Twende."

Walipopanda tuta, kanga yake ikalowa.

"Basi mpakie huyo fundi wako," akasema, akashuka.

Shakombo alikitazama kile kiti kitupu. "Fundi, toa hizi. Nipe zenye mpira mnene."

"Mzee! Gari la mbio unalivalisha makubadhi?"

"Livae. Sitaki kukimbia peke yangu."

Tairi zikabadilishwa, Bi Rukia akapanda tena, kikombe kikajazwa. Shakombo aliomba dua kimoyomoyo, akaliendea tuta. Chai ilicheza hadi ukingoni, ikatulia.

Bi Rukia alipiga funda moja, akafunga mkanda.

"Tuta jingine liko wapi?" akauliza, akikinyanyua kikombe kuielekea barabara yote iliyobaki.