Boliti ya Jiko la Nives

Mota ilinguruma tena asubuhi hiyo, lakini punje hazikudondoka, na moto ukafa.

Nives alisimama katikati ya jikoni kwake, koti mwilini na shali kichwani, akimtazama mwanawe Loris. Bwana mzima mwenye mvi amelala kifudifudi sakafuni, mkono umezama hadi begani ubavuni mwa jiko la kupashia nyumba joto. Loris mwenyewe ndiye aliyemletea jiko hilo, mwaka ule mgongo wa mama uliposhindwa kupasua kuni. Halitaki kuni. Linakula punje za mbao zilizoshindiliwa: unazimwaga juu, na chini yake mota inazungusha skrubu nene inayozisukuma motoni kidogo kidogo.

"Umechomoa plagi?"

"Nimechomoa, mama. Mimi si mtoto."

"Nauliza kwa sababu hiyo spana umeishika kama kijiko cha supu."

Loris alicheka kidogo, mdomo ukitoa mvuke. "Ni boliti ileile. Imelegea, basi mota inajizungusha yenyewe, na skrubu imekaa tu."

"Jana si uliikaza?"

"Niliikaza."

"Na juzi?"

Loris aliingiza mkono ndani zaidi.

Nje theluji ilikuwa imefika nusu ya madirisha. Barabara ya kushukia bondeni ilifungwa usiku uleule Loris alipowasili, bila taarifa, katikati ya wiki ya kazi, akisema eti amekuja kumwona tu. Nives hakuyameza hayo. Nani anapanda milima ya Carnia mwezi wa Januari kumwona mtu tu? Rafiki yake Ilde naye, watoto wake walikuja kumwona tu. Wakamshusha mjini apumzike kidogo, na kabla ya Pasaka nyumba yake ilikuwa na mapazia ya watu wengine.

Kwa hiyo kila neno la Loris alilipima. Alimsikia akipanda chumba cha juu, akigonga kuta kwa kifundo cha kidole. Aliposhuka aliuliza kama paa litahimili baridi nyingine.

"Kwani umepata mnunuzi?"

"Nauliza tu, mama."

"Na mkeo Katia, hajambo?"

"Yupo."

"Kazini je, hawakutafuti?"

"Watasubiri," alisema Loris, akajiongezea polenta, ule ugali wao wa mahindi. Na kama kawaida alimalizia kwa maneno ambayo Nives alishayachoka: "Lakini wewe, mama, huwezi kukaa huku peke yako."

Nives alihisi kuta zinamsogelea. Nje theluji, ndani mtoto wa tumbo lake mwenyewe, na katikati yao jiko linalotoa ushahidi dhidi yake kila kukicha. Mlango haufunguki bila koleo la theluji. Hata kwenda kulalamika kwa jirani hawezi. Usingizini alijiona ameketishwa kwenye kiti cha plastiki katika ghorofa ya Loris huko mjini Udine, anatazama maegesho ya magari.

Siku hiyo boliti ilikazwa, moto ukawaka, na mchana ukasikika mngurumo kutoka upande wa kanisa. Alikuwa Gildo, jirani yao, juu ya trekta lake la kusukuma theluji.

"Nives!" alipiga kelele kutoka njiani. "Umeshageuka barafu au bado?"

"Bado! Ulitaka kunirithi?"

"Barabara iko wazi mpaka chini! Mwambie mwanao atoe gari kabla theluji haijaanguka tena!"

Nives alihisi pumzi inarudi kifuani. Aligeuka ndani. "Umesikia, Loris? Barabara iko wazi. Nenda zako, mwanangu. Nitakufungia jibini."

"Nikuache na jiko bovu?"

"Si linawaka?"

"Linawaka sasa."

Hakutaka kubishana. Alimpelekea Gildo kahawa penye kijia alichokichimba kwa trekta, wakasimama kidogo kuwasema vibaya watu wa bondeni, kisha akarudi na kikombe kitupu. Pale mlangoni alisimama ghafla.

Loris alikuwa amepiga magoti ubavuni mwa jiko. Spana ilikuwa mkononi mwake, naye alikuwa akiizungusha kushoto. Polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayeiba. Mota ikaanza kugonga, tok, tok, tok, na nyuma ya kioo moto ukawa unasinyaa.

"Kumbe ni wewe!"

Spana ilianguka sakafuni.

"Wewe! Unanigandisha mimi mama yako ili niichukie nyumba yangu mwenyewe?" Aliingia, akakibwaga kikombe mezani. "Baba yako aliyabeba haya mawe ya kuta mgongoni. Okota hiyo spana. Okota! Kaza boliti, nikiona kwa macho yangu. Halafu vaa koti ushuke kwa mkeo, ukamwambie mimi sitoki humu, hata mje na trekta."

Loris aliiokota spana. Hakuikaza boliti. Alibaki amepiga magoti, akiitazama.

"Nani kasema utoke, mama?"

"Usinifanye mjinga, Loris."

"Katia alinitoa nyumbani kabla ya Krismasi," alisema bila kuinua uso. "Nimekuwa nikilala garini. Nikiikaza hii boliti, utaniambia nishuke. Nishuke niende kwa nani?"