Chini ya Mashine ya Sufuria

Mashine ya kukandamiza sufuria ilikuwa imezimwa, na Kombo alikuwa amejipenyeza chini yake kuchomoa bati lililokwama. Zawena, mwenzake wa zamu, ndiye aliyeona silinda ikivuja mafuta na kile chuma kizito cha kukandamizia kikishuka polepole, bila sauti.

“Kombo, toka!”

“Subiri, dada, nimeshalishika.”

Hakusubiri. Alimkamata miguu akamvuta kwa nguvu zote, naye akatoka shati limechanika. Chuma kikalilalia lile bati, likakunjamana kama karatasi.

Msimamizi alikuja mbio. “Mmepona? Basi hamieni mashine ile ya jirani.”

Kombo akajifuta jasho, akaenda, akainama kuchungulia ndani. Zawena alibaki amesimama, vidole vyake vimejikunja, kana kwamba bado vimeshika miguu ya mtu.