Shauri la Picha Namba Kumi na Saba

Kwa mara ya tano asubuhi ile wakamuuliza alitumia kompyuta gani.

Kwa mara ya tano Fundi akawajibu kwamba alitumia brashi nne, kisu cha kupakia rangi na uvumilivu wa mkewe. Majaji watatu wa maonyesho wakaandika. Mungu ndiye anayejua walichokuwa wanaandika, maana jibu lilikuwa halijabadilika hata herufi.

Kosa lake lilikuwa moja: picha yake namba kumi na saba, ya mwanamke anayefua nguo, ilikuwa nzuri mno. Walisema haiwezekani mchora mabango ya saluni na gereji akatoa kazi kama ile. Lazima imechorwa na mashine. Tangu habari hizo zienee, wateja wake wa miaka ishirini walikuwa wanamwita Kompyuta, na wawili walishapeleka mabango yao kwa mwingine. Jina lake ndilo lililomlisha siku zote, na sasa lilikuwa linachafuka akiliona.

Aliomba aletewe hiyo picha awaonyeshe alipopitisha kisu. Wakakataa. Ilikuwa imefungiwa stoo kama kielelezo, na kanuni haimruhusu mtuhumiwa kuikaribia.

"Rangi yake imelala laini kama kioo," alisema Mwenyekiti wa majaji. "Mkono wa mtu huacha alama."

"Yangu ina alama hadi unaweza kutundika kofia," alisema Fundi. "Mheshimiwa, umeitazama kweli?"

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta. Alisema ana miaka thelathini anatazama picha na hatafundishwa kazi na mtu wa mabango. Fundi akameza maneno yaliyomjaa mdomoni.

Mkewe, aliyekaa kwenye benchi la mashahidi, hakumeza chochote. Aliwaambia yeye ndiye aliyekaa kwenye kigoda miezi miwili, mikono ndani ya beseni, na mgongo mpaka leo haujanyooka. Kama ni mashine iliyomchora, basi mashine hiyo imnunulie dawa ya kuchua. Jaji mmoja akacheka, halafu akakumbuka kazi yake.

Mwishowe wakampa jaribio. Achore upya, mbele yao, kwa muda wa saa tatu, mkewe akiwa amekaa na beseni lake.

Fundi alichora kwa hasira. Aliibandika rangi kama anayekandika ukuta, na kila mpako ulikuwa jibu kwa swali la kijinga. Muda ulipoisha, mke wake alikuwa anafua pale kwenye picha, mgongo ukimuuma waziwazi.

Majaji wakanong'ona. Wakaenda stoo, wakarudi, wakaenda tena. Kisha Mwenyekiti akasimama mbele ya waandishi wa habari na kutamka kwamba wamelinganisha kazi hizo mbili kitaalamu, mstari kwa mstari, na hakuna shaka yoyote: mkono ni ule ule. Fundi amesafishwa. Na picha namba kumi na saba ndiyo imeshika nafasi ya kwanza.

Ukumbi ukapiga makofi. Fundi alitaka kufurahi, ila wiki tatu za kuitwa Kompyuta zilikuwa hazijamtoka. Mkewe akamshika mkono, machozi yakimtoka, wakasogezwa mbele wapigwe picha za magazetini. Wahudumu wakaileta kazi yenyewe, ikiwa na lebo ya namba kumi na saba, wakaifunua.

Mwanamke mmoja mwembamba alikuwa akifua huku anatabasamu.

Mkewe aliitazama kwa muda mrefu. Taratibu akauachia mkono wa mumewe.

"Fundi," alisema, "huyu ni nani?"

Fundi akainama kutafuta alama za kisu chake, asione hata moja. Naye ndiyo kwanza alikuwa anamwona mwanamke huyo.